Malalamiko: Nimeuziwa modeli ya MiG-17 kwa jina la MiG-15, na muuzaji amekataa kunirudishia fedha

Wanajamvi, salaam kutoka Kigoma.

Namlalamikia muuzaji mmoja wa modeli za ndege aliyeko Dar es Salaam, ambaye hutangaza bidhaa zake mtandaoni na kuzituma mikoani kwa basi. Tangazo lake lilisema bayana: MiG-15 (ndege ya kivita ya Kisovieti), daikasti (yaani ya metali, si plastiki), skeli 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Nililipa fedha yote kwa simu, pamoja na nauli ya mzigo, kwa sababu sisi wa mwisho wa reli hatuna duka la kwenda kushika kitu mkononi kabla ya kununua. Tunanunua maelezo, na maelezo yakiwa ya uongo, tumeibiwa.

Juu ya kila bawa la modeli niliyoletewa vimesimama vibamba vitatu vyembamba vya kuongoza hewa, ilhali MiG-15 ina viwili tu kila upande. Vitatu ni alama ya MiG-17, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1950, ambayo bawa lake limelala nyuma kwa nyuzi 45 karibu na kiwiliwili badala ya 35 za MiG-15. Nikaipima kwa rula, nikapata urefu wa sentimita 11 na ushee. MiG-15 halisi ina urefu wa mita 10 na kidogo, hivyo kwa skeli ya 1:72 ilipaswa kufikia sentimita 14. MiG-17 ina mita 11 na robo, na anayejua kugawanya ataona kwamba hii ni skeli ya 1:100.

Hata hiyo daikasti haipo. Modeli ya daikasti hutengenezwa kwa aloi ya zinki inayoyeyushwa na kusukumwa kwa mgandamizo ndani ya kalibu ya chuma, ndiyo maana huwa nzito na ya baridi mkononi. Hii ni nyepesi, na mgongoni, kuanzia nyuma ya kioo cha rubani hadi mkiani, kuna mshono wa plastiki wenye gundi iliyovuja juu ya rangi. (Wanaowashauri wenzao wapime kwa sumaku waache, kwani zinki haishikwi na sumaku.)

Nilipomwandikia, alijibu kwamba zote ni MiG na tofauti ni namba tu. Jibu hilo limeniudhi kuliko hasara yenyewe. Sabre, ndege ya kivita ya Marekani, iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1947, MiG-15 ikafuata tarehe 30 Desemba mwaka huohuo, na zikaja kupambana katika anga la Korea, Sabre ikiwa na bunduki sita za milimita 12.7, MiG-15 ikiwa na mzinga mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Nilitaka kuziweka pamoja kwa skeli moja ili maumbo yao yalinganishwe kwa haki. Kwa 1:100 ulinganisho huo haupo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo kauli yake kwamba "mzigo ukishapokelewa haurudi" siikubali. Nadai fedha yangu yote na nauli ya basi, naye atarudishiwa modeli yake ikiwa ndani ya boksi lake. Picha za vibamba, rula na mshono ninazo. Aliyewahi kudai haki ya namna hii akiwa mkoani na akafanikiwa, naomba anieleze alianzia ofisi gani.