Likizo ya mwezi wa nane: Mlima Kenya, milima ya Taita au nibaki Arabuko?

Mwana wa Shela
Assalamu alaykum wenzangu. Nina siku tano za likizo. Nataka kutembea milimani kwa miguu, nione ndege na wanyama, pamoja na kikundi ambacho viongozi wake wanajitolea. Nafasi zipo mbili: Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon mpaka kilele cha Point Lenana, au milima ya Taita. Rafiki yangu wa Gede anasema niache zote mbili, niingie msitu wa Arabuko. Kikundi kinataka jibu Ijumaa.

Kadzo
Waalaykum salaam. Unaenda na nani? Umewahi kulala penye baridi? Viatu je? Hujasema lolote, tutakushauri vipi?

Msafiri wa Sabaki
Taita, bila kufikiri mara mbili. Unapita Mombasa, Voi, Mwatate, halafu unapanda kona za Wundanyi na jioni unavaa sweta. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, kinatosha kabisa kwa mtu wa pwani. Ukiingia msitu wa Ngangao asubuhi na mapema, ukungu bado umeshika miti, kaa kimya umsikilize apalisi wa Taita. Ni kindege kidogo, na duniani kote hayupo ila kwenye milima hiyo. Msitu wenyewe umebaki kipande tu, mashamba yameuzunguka. Nendeni mkauone.

Babu Msabaha
Mimi nitaeleza yaliyonipata. Nilipanda Mlima Kenya na kikundi cha kujitolea, jina naliacha. Juzi yake nilikuwa sokoni Malindi nanunua samaki. Usiku wa kwanza tukalala kambi ya Old Moses, kama mita 3,300. Kesho yake tukaenda moja kwa moja mpaka kambi ya Shipton's, mita 4,200, bila siku ya kuzoea hewa. Njiani nilifurahi sana: pimbi wanaota jua juu ya mawe, vindege waitwao chozi wananyonya maua ya zile lobelia ndefu kumpita mtu. Jioni kichwa kikaanza kugonga. Chakula sikukitaka, nikatapika mara tatu. Nikamwambia kiongozi, akasema ni uchovu, ninywe chai. Saa nane usiku nikaamshwa twende Lenana. Nilikuwa nayumba, hata kamba za viatu zinanishinda kufunga. Aliyekataa nisiende ni mpagazi. Alinishika mkono, tukashuka wawili na tochi moja, na kiongozi akaendelea na wengine juu. Tulivyozidi kushuka ndivyo kichwa kilivyoachia. Yule kijana namwombea dua mpaka leo. Basi ndugu yangu, kabla ya kutoa pesa uliza: kiongozi amefundishwa huduma ya kwanza? Mmoja akiugua, nani anashuka naye?

Omari K.
Pole sana mzee. Lakini kosa la mmoja lisiwaangukie wote wanaojitolea. Mountain Club of Kenya, chama cha wapanda milima, ipo tangu 1949 na wanachama ndio wanaoongozana. Mtu anayepanda kwa mapenzi hana haraka ya kumaliza kazi.

Kadzo
Mapenzi hayamshushi mgonjwa, Omari. Na neno kujitolea lisimdanganye mtu: ada ya hifadhi iko pale pale, wapagazi wanalipwa, chakula na usafiri ni juu yako. Mwana wa Shela, bado hujatujibu.

Mwana wa Shela
Samahani, nilikuwa kazini. Naenda na mwanangu, ana miaka 11. Ana pumu, lakini si kali. Viatu ni vya mpira.

Kadzo
Hilo ndilo la kuanza nalo! Baridi kavu ya juu inaweza kuamsha pumu. Lenana ni mita 4,985. Muone daktari kabla ya Ijumaa, na mpaka hapo Mlima Kenya uweke kando.

Sidi wa Gede
Ndiyo maana mimi ningesema Arabuko. Kilomita za mraba 420 za msitu, na ziko mlangoni petu. Mtoto ataona sange mwenye tako la dhahabu, kijinyama chenye pua ndefu, akikimbia kwenye majani makavu. Jioni, upande wa udongo mwekundu, mnamtafuta bundi wa Sokoke, ambaye hafiki hata shubiri. Huyo yuko hapa pwani yetu na Usambara tu. Msiende bila kiongozi, kuna ndovu.

Mama Zuhura
Sidi mwanangu, mtoto mwenye pumu apelekwe usiku kumtafuta bundi? Bundi akilia juu ya paa sisi twajua maana yake.

Sidi wa Gede
Shikamoo mama. Kwa imani hiyo hiyo bundi wengi wamepigwa mawe bure. Huyu anakula wadudu, hajamdhuru mtu.

Mama Zuhura
Marahaba. Sikusema apigwe. Nimesema aachwe alipo.

Msafiri wa Sabaki
Basi akaone ndege Marafa, kule kwenye makorongo ya Nyari, mchana kweupe.

Omari K.
Marafa ni mabonde na joto. Ameuliza milima.

Mwana wa Shela
Mtoto amesoma haya yote begani kwangu, sasa anauliza bundi huyo analia vipi. Sidi, kuna mtu wa Gede anayeweza kutuazima darubini?