Vifaranga 50 kwenye nyumba ya mawe Lamu: bruda (mahali pa kulelea vifaranga kwa joto) niiweke wapi, na globu nahitaji kweli?

Mama wa Langoni (Lamu)

Assalam aleikum wafugaji. Niko Langoni, Lamu. Nimeagiza vifaranga 50 wa kienyeji kilichoboreshwa, wa siku moja. Watatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Nimeambiwa ni mwisho wa mwezi wa sita, na wakati huo upepo wa kusi unavuma kweli.

Maelezo niliyotumiwa yanasema ninunue globu nyekundu ya wati 250, iwake usiku na mchana kwa wiki nne, na chumba chote nikizibe kwa nailoni. Chumba nilicho nacho ni cha chini, kuta nene za mawe, dirisha moja dogo la juu, mlango unafungukia kiwandani (uani). Mchana nikiingia humo kupanga vitu natoka jasho mimi mwenyewe, sasa nikiziba na nailoni sijui itakuwaje. Halafu stima hupotea mara kwa mara, wakati mwingine usiku kucha. Jirani ananiambia niweke jiko la makaa.

Na kuna mambo mawili mengine: paka wa mtaa huu mnawajua, na maji ya kisima chetu yana chumvi. Naomba anayefuga pwani anijibu, maana hizi ni pesa za chama na wenzangu wananitegemea.

Mfugaji wa Barani

Dada, usijisumbue na stima. Jiko la udongo, makaa ya debe moja, weka katikati, zungushia matofali wasiungue. Watu wengi hutumia hivyo na vifaranga wanakua.

Mama Vifaranga, Muyeye (Malindi)

Waaleikum salaam dada wa Langoni. Mimi nalea vifaranga hapa Muyeye mpaka wiki ya nne, kisha huchukuliwa na majirani na watu wa Gede na Watamu. Nakuomba usinunue hiyo globu ya wati 250 kwanza. Maelezo uliyotumiwa yanamfaa mtu wa Limuru au Nyahururu, ambako alfajiri ya Julai ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Huko ni sahihi kabisa. Huku kwetu mchana ndio wa kuogopwa. Kifaranga aliyezidiwa na joto hulegea, hukataa kula, hunywa maji tu na kuharisha, na mwenyewe akiona hivyo anakimbilia dukani kununua dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Hesabu yenyewe ni hii. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35, zipimwe chini usawa wa mgongo wake, maana juu ukutani utapata jibu lingine. Kila wiki unashusha kama nyuzi 3. Kwa hiyo wiki ya tatu anaridhika na 26 hadi 29, na ya nne manyoya yameshaanza kumfunika. Sasa angalia hali ya hewa yetu. Mwezi wa Machi, kaskazi imelegea, kivulini kwangu mchana kipimajoto husoma 32 au 33 bila taa yoyote. Kifaranga wa siku tatu hapo ana joto lake lote, na wa wiki tatu tayari limemzidi. Mwezi wa saba usiku hushuka mpaka 22 hivi, na kusi inapenya kila tundu. Wako watakuja katika huo msimu wa pili, kwa hiyo joto utahitaji, hasa la usiku: washa magharibi, zima asubuhi jua likishapanda. Wiki ya kwanza, mchana usipofikia hizo nyuzi 32, hasa wa mvua na mawingu, washa pia.

Kwa vifaranga 50 globu ya kawaida ya wati 100 inatosha, na chumba chako kikiwa hakina upepo jaribu hata ya 60. Lakini iwe ile ya uzi wa ndani unaong'aa, inayokuunguza ukiishika. Hizi za LED zinazouzwa kila duka hazina joto la kutosha hata kidogo, na kuna watu hununua hizo, wanaona mwanga, wanalala wakijua vifaranga wana moto. Ining'inize kama sentimita 45 juu ya maranda kwa mnyororo au waya imara, usiiache ibebwe na uzi wa stima wenyewe. Ikianguka kwenye maranda makavu chini ya paa la makuti, hapo hatuzungumzii vifaranga tena.

Kisha waangalie wenyewe. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko namba zote, maana kipimajoto hupima mahali pamoja na wao wako kila mahali. Wakijikusanya chini ya taa, wamepandana na kulia kwa sauti kali ya juu, wana baridi. Shusha taa kidogo. Wakikimbilia ukingoni, mabawa wameyaachanisha na mwili, midomo wazi wanatweta, wamezidiwa. Inua taa au zima. Wakibanana upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia upande wa pili, tafuta tundu uzibe kwa gunia. Wakiwa wametawanyika, huyu anakula, yule amelala ubavu, sauti ni ya chini ya kunong'ona, waache. Usiku wa kwanza amka uwatazame, na tena saa kumi na moja alfajiri, ndipo baridi inapokuwa kali kuliko saa nyingine zote. Wanaopandana pembeni usiku huwaua wenzao walio chini kwa kukosa hewa, ndiyo maana bruda hutengenezwa duara isiyo na kona.

Duara yenyewe ni rahisi. Chukua hadibodi moja ya futi 8 kwa 4, fundi aipasue kwa urefu upate vipande viwili vya kimo cha sentimita 60, viunganishe kwa vibanio. Ukivifungua vyote unapata duara ya upana wa karibu mita moja na nusu, inawatosha 50 mpaka wiki ya tatu hivi. Siku za mwanzo vipishane ili duara iwe ndogo, kisha unaipanua kila wanapokua. Usiikaze. Na taa ikae upande mmoja, isikae katikati, ili upande wa pili uwe na ubaridi wa kukimbilia. Kifaranga akiwa na pa kukimbilia atajirekebisha mwenyewe hata ukikosea kidogo.

Nailoni usiweke. Chumba cha mawe cha dirisha moja kikizibwa, unyevu wa kinyesi unabaki ndani, maranda yanalowa, hewa inawasha macho, na kuhara damu hufuata. Hewa itoke juu, upepo usiwapige chini. Ukiweza, weka bruda pale barazani kwenye kiwanda chako, chini ya dari, uning'inize gunia upande unaoelekea kusi. Chumba kiwe cha usiku wa mvua tu.

Ndugu wa Barani, nakuheshimu, lakini kwa nyumba hii jiko nalikataa. Makaa hata yakishashika vizuri bila moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Nyumba za Lamu zimeshikana, watoto wanalala chumba cha pili au ghorofani. Huua vifaranga, na huua watu pia. Jiko likae uani kuchemshia maji.

Maana stima ikipotea, maji ya moto ndiyo msaada wako. Jaza madumu mawili ya lita 5, kaza vifuniko, funga gunia au khanga ya zamani, yalaze ndani ya duara. Watayaegemea wenyewe. Moto ukipungua badilisha moja, lingine baadaye, wasikose yote kwa pamoja. Kwa usiku wa kwetu wa nyuzi 22 hiyo hukufikisha asubuhi. Kuna na njia ya sanduku lisilo na taa: katoni ya chini, kuta zake zimejazwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, mlango mdogo, juu kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Vifaranga 50 wakiingia humo joto la miili yao wenyewe linawatosha usiku wetu, ila siku mbili tatu za mwanzo uwaingize kwa mkono jioni mpaka wajue njia.

Fundi wa Matondoni

Mama, maranda usinunue. Njoo Matondoni au tuma mtu na punda, kwenye ujenzi wa mashua yako mengi. Sema tu unataka ya mbao mpya ya randa. Yale yanayotoka kwenye chombo kinachokarabatiwa yana rangi na sifa (mafuta ya papa), usiwawekee viumbe. Na unga wa msumeno usichukue, vifaranga huula.

Kuhusu paka, wavu wa kuku pekee hauzuii mkono wa paka. Funika juu kwa fremu ya mbao yenye wavu wa matundu madogo, uweke jiwe juu yake. Na panya huingilia chini, kwa hiyo sakafu iwe ya saruji au ubao.

Mama wa Langoni (Lamu)

Allah awalipe. Nimeongea na mume wangu, tutaweka barazani, na fremu ya wavu atatengeneza mwenyewe. Mama wa Muyeye, nisaidie mawili ya mwisho: maji, na hiyo safari. Wakipanda basi usiku na boti asubuhi watafika wazima kweli? Na chanjo nani atanipa, maana daktari wa mifugo si kila siku nampata.

Mama Vifaranga, Muyeye (Malindi)

Safari isikutie hofu sana. Kifaranga akitotolewa bado ana kiini cha yai tumboni, kinampa chakula na maji kwa siku mbili hadi tatu. Kinachowaumiza njiani ni joto na kukosa hewa. Mwambie mletaji boksi lisiwekwe buti la basi wala chini ya mizigo, na kwenye boti likae kivulini pasiporuka maji. Ukilipokea Mokowe, fungua, hesabu, tazama. Anayelala kifudifudi na kitovu chenye unyevu mweusi, zungumza na aliyekuuzia hapo hapo.

Kabla hawajafika bruda iwe tayari, na taa iwe imeshawaka saa kadhaa ili maranda yenyewe yawe na joto. Juu ya maranda tandika karatasi isiyoteleza au gunia safi kwa siku chache; gazeti linateleza na miguu yao hupanuka ikawa kilema. Mwanzo maji yenye glukosi, chovya mdomo wa kila mmoja mara moja, baada ya kama saa moja au mbili ndipo uweke chakula. Weka kokoto safi kwenye ukingo wa chombo cha maji wasizame. Usiku ule wa kwanza, papasa gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) la vifaranga kumi hivi: likiwa limejaa na laini, wamekula na wamekunywa. Likiwa tupu au gumu kama punje, hawajaonja maji, wasogezee vyombo karibu na mwanga.

Maji ya kisima chako cha chumvi usiwape wadogo hawa. Yatawaharisha na maranda yatakuwa tope. Tafuta ya mvua, kama mna jabia au tangi la kuvunia, au maji ya bomba yanayotoka kwenye visima vya mchanga wa Shela. Mwezi wa sita mvua bado inapita, kinga sasa uhifadhi.

Chakula cha vifaranga hesabu karibu kilo 2 kwa kila mmoja mpaka wiki ya nane, yaani mifuko miwili ya kilo 50. Usiagize yote pamoja. Kusi ina unyevu, mfuko ukikaa sakafuni hushika ukungu, na ukungu una sumu. Uinue juu ya mbao.

Chanjo: uliza kama ya Marek (ugonjwa wa kupooza) wamepewa siku ya kwanza huko walikototolewa, wakuandikie. Kisha Gumboro karibu siku ya 10, irudiwe karibu siku ya 18, na kideri wiki ya 3 na ya 8. Ratiba ya aliyekuuzia ikitofautiana kidogo na hii, fuata ya kwake. Ya kideri kuna ile inayostahimili joto, ya I-2, tone moja jichoni, mtu akikuonyesha mara moja utaweza mwenyewe. Ya Gumboro huwekwa kwenye maji, na hapo maji ya bomba yenye klorini huiua dawa. Tumia ya mvua, uchanganye na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hivi kwa lita. Wanyime maji kwa saa moja au mbili kwanza, asubuhi na mapema kabla ya jua, ili wakipewa wayamalize ndani ya saa mbili. Dawa isafiri kwenye chupa ya barafu, nyuzi 2 hadi 8, na barafu Lamu hamkosi kwa wavuvi.

Kama wanachama wenzako nao wana nafasi, msigawane vifaranga kabla ya wiki ya nne. Waweke pamoja kwako, mwangalie kwa zamu za usiku, na zamu ya saa kumi na moja alfajiri mpe yule asiyelala sana.