Santuri ya Led Zeppelin ya 1970 imeharibiwa studioni hapa Kisumu, na jalada lake wametupa

Wadau, nimekaa na jambo hili siku nne nikidhani hasira itashuka. Haijashuka, kwa hiyo nalileta hapa jinsi lilivyo.

Marehemu baba mdogo alisoma California mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliporudi nyumbani alikuja na sanduku la vitabu na santuri kumi na moja. Kati ya hizo kuna moja ambayo hakuruhusu mtoto yeyote aiguse: sahani mbili ndani ya jalada jeupe pepe, halina picha wala jina la kampuni, muhuri tu uliogongwa kwa wino. Ni onyesho la Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, la tarehe 4 Septemba 1970, ukumbi wa Forum, Inglewood, pale karibu na Los Angeles. Mashabiki waliingia na kinasa sauti wakarekodi kutoka vitini, na haikuchukua muda santuri zikawa zinauzwa kwa mlango wa nyuma, bendi isiambulie hata senti. Wanaozikusanya wanaiita Live on Blueberry Hill, kwa sababu kuelekea mwisho wa onyesho bendi ilipiga ule wimbo uliovumishwa na Fats Domino. Albamu yao ya tatu ilikuwa bado haijaingia madukani, iliingia mwezi uliofuata, na hao waliokuwa ukumbini walifunguliwa onyesho kwa Immigrant Song wakati hawana hata sahani yake nyumbani. Ndiyo maana kelele zao zinasisimua vile.

Baba mdogo alikuwa anaipiga Krismasi tu. Tunakaa sakafuni, yeye anasimama karibu na spika, macho kayafumba.

Mwaka huu tukakubaliana kama familia tuihamishe iwe faili kabla unyevunyevu wa ziwa na kuvu havijaimaliza. Pleya yetu ya nyumbani ni ya kawaida, sindano yake imechoka, nikaona kazi hii inataka wataalamu. Nikaipeleka studio moja hapa mjini inayojitangaza kwamba inafufua santuri za zamani. Jina silitaji.

Niliwaandikia maagizo kwenye karatasi na nikayasoma mbele yao. Santuri isafishwe kwa maji yaliyokenekwa, si ya mfereji. Sindano iwe mpya. Sauti inaswe kwa ubora wa juu, biti 24 na kilohezi 96. Lile faili la kwanza, ghafi, lihifadhiwe bila kuguswa. Baada ya hapo, vile vishindo vikubwa vinavyotokana na mikwaruzo viondolewe kimoja kimoja kwa mkono, na kelele za ukumbini ziachwe zilivyo. Kijana aliyenipokea akasema, "Mzee, hiyo kazi ndogo. Wiki moja." Nikatuma nusu ya shilingi 12,000 kwa M-Pesa, nikarudi nyumbani na imani.

Zikawa wiki tano.

Nilipofungua faili la kwanza, Robert Plant, mwimbaji wao, akaanza ule ukelele wake wa Immigrant Song, nikadhani simu ina shida. Sauti inayojulikana dunia nzima kwa kupasua paa imekuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini. Ngoma za John Bonham zinatembea kama zimefungiwa mawe miguuni. Nikabadilisha simu, nikaweka kwenye redio ya gari, ni vilevile.

Nikachukua gitaa. Wimbo ule uko kwenye ufunguo wa F#. Kwenye faili lao uko D#, tena hata D# haijafika sawasawa, iko chini kidogo. Hizo ni nusu toni tatu na ushee. Halafu nikatazama muda: upande ambao nyumbani huchukua kama dakika 20, kwao umechukua 24. Aliyewahi kugusa mota akiona 24 kwa 20 anajua papo hapo pa kwenda kuangalia, maana ni sawa na 60 kwa 50.

Nikapanda boda hadi pale studioni. Pleya yao ni ya zamani, imetoka Marekani, na nyuma ina kibamba kilichoandikwa volti 120, hezi 60, yaani mapigo 60 ya stima kwa sekunde. Chini ya meza kuna transfoma ya kushusha stima yetu ya volti 240. Sawa, volti zimeshuka na mota haiungui. Lakini transfoma haibadilishi hezi! Stima ya Kenya ni hezi 50 kutoka Mombasa hadi Busia, na mota za namna ile haziongozwi na volti, zinaongozwa na mapigo ya stima. Iliyotengenezewa mapigo 60 ukiipa 50 inapoteza sehemu moja katika sita ya mwendo wake. Santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika inaishia chini ya 28. Kuna pleya za zamani ambazo unabadilisha puli tu, kile kigurudumu cha mota, mambo yanakaa sawa. Zile ambazo mwendo wake unashikwa na kwatzi, kijiwe kama cha saa, hazina shida hii kabisa. Na kama huna uwezo wa lolote kati ya hayo, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, shika saa ya simu, hesabu mizunguko ya dakika moja. Dakika moja! Walikaa na santuri yangu wiki tano na hakuna aliyehesabu dakika moja.

Nikamweleza yule kijana taratibu, bila kupaza sauti. Akanijibu, "Mzee, santuri za zamani ndivyo zilivyo. Na hii hata si orijino, ni ya wizi, ilirekodiwa vibaya toka mwanzo."

Jibu hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwa sababu lina kaukweli ndani yake na amekatumia kujifichia. Ndiyo, kanda zilizorekodiwa na mashabiki mara nyingi mwendo wake huyumba. Kinasa sauti cha betri, betri zikianza kuchoka, kinavuta mkanda polepole. Lakini mkanda uliovutwa polepole wakati wa kurekodi, ukija kuupiga kwenye mashine yenye nguvu kamili, muziki unapanda. Haushuki. Wangekuwa wamenirudishia Plant anayelia juu kuliko kawaida ningenyamaza nikasema ni kanda. Kushuka nusu toni tatu, sahani zote mbili, pande zote nne, kwa kipimo kilekile bila kuyumba, hiyo ni pleya yao na stima ya hapa Kisumu.

Mngeniambia basi mzee, si unaongeza kasi mara 1.2 kwenye kompyuta na yanaisha? Ni kweli, kama tatizo lingekuwa mwendo peke yake ningefanya hivyo usiku uleule na nisingefungua uzi huu. Kilichoua kazi ni usafishaji.

Walichukua programu, wakaionyesha sekunde chache za kelele kabla muziki haujaanza, wakaiambia ifute kila kinachofanana na hizo kelele kutoka mwanzo hadi mwisho. Fikirini. Kwenye rekodi ya ukumbini, kabla ya muziki kuna nini? Kuna watu! Mvumo wa umati, miluzi, viti, mtu anamwita mwenzake. Programu imeambiwa kwamba ukumbi ni takataka, nayo imeukwangua ukumbi. Kilichobaki nyuma ya gitaa la Jimmy Page ni ule mbubujiko wa majimaji ambao kila aliyewahi kuzidisha dawa ya kelele anaujua. Matoazi yanalia kama yamezamishwa kwenye ndoo.

Halafu wakawasha ile ya kuondoa vishindo, wakaiacha ijiendeshe. Programu hiyo inatafuta mlio mfupi wa ghafla, inaukata, inaziba pengo kwa kubahatisha. Mkwaruzo ni mlio mfupi wa ghafla. Kofi la mshabiki nalo ni mlio mfupi wa ghafla, na pigo la kijiti kwenye ngoma ndogo pia. Ndiyo sababu niliandika "kwa mkono", nikapiga mstari chini yake. Sasa makofi ya watu wale yamegeuka kitu kama kukanyaga majani mabichi. Ule mlipuko wa ukumbi wimbo ukiisha, ambao baba mdogo alikuwa akiufikia anainua mkono mmoja juu, haupo tena.

Kuna na mvumo wa hezi 50 kwa sababu hawakufunga waya wa ardhi wa pleya, wakaja kuukata kwa kuchota besi yote ya chini. Gitaa la besi linashuka hadi hezi 41. John Paul Jones, mpiga besi wao, kaondoka na mvumo. Juu ya hayo wakakandamiza sauti mpaka sehemu za kimya na za fujo zikalingana, wakanikabidhi MP3 za kilobiti 128, zilizobanwa hadi ubora wa chini. Nikauliza faili ghafi liko wapi. "Tulifuta, kompyuta ilijaa."

Yaani kitu pekee ambacho kingeokoa kazi nzima, ambacho karatasi yangu ilisema kisiguswe, kimefutwa.

Nikaomba sahani zangu. Zinanukia sanitaiza ya mikono. Wamezipangusa kwa sanitaiza! Sanitaiza inawekwa glisirini ili isikaushe ngozi, na glisirini haiyeyuki hewani pamoja na ile spiriti, inabaki mle ndani ya mifereji ya santuri na kushika vumbi, na vumbi la mji huu mnalijua. Sahani ya pili ina mkwaruzo mpya kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, na sindano ikifika pale inaruka. Nina picha za kabla na baada.

Na jalada halipo. Zimerudishwa ndani ya jalada la kwaya fulani. Nikauliza jalada jeupe liko wapi, yule kijana akaangaliana na mwenzake, akasema lile gamba lilikuwa limechakaa na halina picha, walidhani ni la kufungia tu, lilienda na takataka. Wadau, kwenye santuri za namna hii jalada jeupe na muhuri wake ndiyo cheti cha kuzaliwa. Mwenye kuzijua anatazama muhuri, aina ya karatasi na zile herufi zilizochongwa karibu na lebo, anakwambia ni chapa ya mwanzo au ni nakala ya nakala. Na kwetu sisi, upande wa ndani wa mdomo wa jalada baba mdogo alikuwa ameandika jina lake kwa penseli. Hatuna maandishi yake mengi.

Nilitoka pale sikumtukana mtu. Mlangoni nikapishana na mama mmoja kutoka Ahero, amebeba mfuko wa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika za marehemu mumewe. Tukasalimiana, nikamwomba nizione: Shirati Jazz, Victoria Jazz, sahani ambazo sijazitia machoni tangu utotoni. Anazipeleka palepale, kwenye pleya ileile. Santuri ya 45 pale itazunguka 37 na nusu. D.O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alifariki 2006 hapahapa Kisumu, hakuna wa kumwita aje apige tena. Wajukuu wa mama huyu watapewa benga iliyopunguzwa kasi, yale magitaa ya kukimbizana upande wa pili wimbo unapokolea yametulizwa kama ya mazishi, na wataamini babu zao walicheza hivyo. Nilimwambia, "Mama, usiache hizi hapa." Akanitazama akidhani ninagombana na wenye duka. Hatimaye akarudi nazo nyumbani, nashukuru, lakini ni wangapi walishaacha zao kabla yake?

Ninachodai kwa wale wa studio, na najua mmoja wenu husoma hapa: shilingi 6,000 zangu, na mtu aende akatafute lile jalada kwa mwenye mkokoteni anayewachukulia takataka. Mimi nimeshakwenda kwake mara mbili. Amesema makaratasi huwa anauzia wanaonunua kwa kilo, na mzigo wa wiki hiyo bado haujaondoka wote. Nyinyi ndio mnajua mlilitupa siku gani. Na izimeni ile pleya mpaka mpate puli ya hezi 50. Nawaambia bure, ingawa hamkustahili.

Kwa wadau wengine: yeyote Kisumu, Nakuru, Kakamega, hata Eldoret, mwenye pleya ya kwatzi na sindano nzuri ya kubonyeza gramu mbili hivi, naomba tuwasiliane humu. Sahani ya kwanza bado nzima, inahitaji kuoshwa ile glisirini itoke. Ya pili, upande wenye Blueberry Hill ndio wenye mkwaruzo unaorusha sindano, lakini nimejaribu kuisukuma kwa mkono polepole na muziki upo pande zote mbili za mkwaruzo. Nitakuja nayo mwenyewe, nitakaa nayo hapo mpaka mwisho, sitaiacha usiku.