Tupeane uzoefu: tangazo la Marekani la kuzuia viza lilikukuta umefika hatua gani?

Kijana wa Chanika:
Wadau, habari za usiku. Leo nahamisha kabati nimekuta bahasha ya picha zangu za viza, zile za mraba zenye ukuta mweupe nyuma. Zimebaki nne. Nimekaa nazo sakafuni kama mtu aliyefiwa.

Mimi ni wa grinikadi ya 2020, kile kibali cha kuhamia Marekani. Jina lilitoka Mei 2019 kwenye bahati nasibu. Nikauza bajaji, nikafuatilia cheti cha polisi cha tabia njema, nikalipia vipimo mapema. Usaili nikapangiwa Machi. Tarehe 31 Januari 2020 Trump akasaini tangazo: Tanzania na Sudan, hakuna viza za bahati nasibu kuanzia 21 Februari. Hilo dirisha la usaili sikulifikia. Wenzangu, ninyi lilikukuteni wapi?

Mama Naima:
Mimi nilishanunua koti la baridi, mitumba ya Karume. Lipo mpaka leo, wanaliazima wanaokwenda Makete.

Binti Pangani:
Nilitaka kupita kimya nimeshindwa. Viza yangu iligongwa Januari ile ile. Tangazo liliwaacha waliokuwa na viza halali siku lilipoanza, nikapita. Tulikuwa watatu tuliozoeana kwenye foleni ya vipimo, tukigawana maji na karanga. Wenzangu walipangiwa Aprili. Namba zao ninazo, sijapiga hadi leo. Nitaanzaje kuwaambia habari za huku?

Msomi wa Sinza:
Poleni sana. Wengi wanadhani rais alijitungia tu. Bunge la Marekani ndilo lililompa rungu, kwenye Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952, kifungu cha 212(f). Rais akiona kuingia kwa wageni, au kundi lolote la wageni, kuna madhara kwa maslahi ya Marekani, anaweza kusimamisha kwa tangazo, kwa muda anaoona unafaa. Rais Reagan alikitumia 1981 dhidi ya Wahaiti waliokuja kwa boti. Trump 27 Januari 2017 akafungia nchi saba, Somalia ikiwemo. Wiki moja baadaye jaji wa Seattle akaisimamisha ile amri, ikaandikwa upya mara mbili, na 26 Juni 2018 Mahakama ya Juu ikampa rais ushindi, majaji 5 kwa 4.

Ngosha Mkweli:
Mkuu usitupe darasa la upande mmoja. Sheria ya 1965 inakataza kumbagua mtu kwa taifa lake kwenye utoaji wa viza za kuhamia. Hiyo umeiruka kwa nini?

Msomi wa Sinza:
Sijairuka. Mahakama ilisema ile ya 1965 inahusu kutoa viza, na 212(f) inahusu nani anaruhusiwa kuingia.

Ngosha Mkweli:
Sasa viza ni ya kufanyia nini kama si kuingilia? Maneno yanachezewa na watu wameuza viwanja!

Mwana Karagwe:
Kila nchi ina mlango wake jamani. Hata kwetu Kagera, 2013, wahamiaji haramu walipewa wiki mbili waondoke. Jirani yetu, aliyezaliwa pale pale, aliondoka usiku na ng'ombe wake, maharage akayaacha yameanikwa uani. Siwatetei Wamarekani. Ninaandika kwa sababu yale maharage tuliyala sisi.

Kijana wa Chanika:
Duh. Tusigombane, leteni mliyoyapitia.

Mtoto wa Fizi:
Ndugu zangu, nyinyi mlicheza bahati nasibu. Miye nilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo 1996 nikiwa mgongoni mwa mama, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka huo. Nimekulia humo kambini, nimeoa humo.

Kesi yetu ya kwenda Marekani ilianza 2016. Usaili, alama za vidole, usaili tena, picha za kifua. Vipimo vikiisha muda kabla ya majibu ya usalama, unapimwa upya. Mtoto akizaliwa katikati anaongezwa kwenye kesi, mnasubiri tena. Sisi tuliongeza wawili.

Januari 2025 tukapewa tarehe ya ndege, 24. Tukafundishwa kufunga mkanda na kuwasha jiko la umeme. Bibi yangu akagawa sufuria zote. Godoro tukauza. Mbuzi tukachinja, tukala na majirani, maana kwetu mtu haendi mbali hivyo bila kuagana.

Tarehe 20 Trump akaapishwa, na siku hiyo hiyo akasaini kusimamisha mpango wa wakimbizi kuanzia 27, kwa kifungu hicho hicho cha ndugu wa Sinza. Tukahesabu siku kwa vidole: 24 iko kabla ya 27, tunawahi. Tarehe 22 ikaja habari kwamba safari zote zimefutwa, hata za kabla ya 27.

Binti yangu mkubwa, miaka sita, alikuwa amevaa viatu vya safari tangu asubuhi. Akalala navyo. Siku tatu hakukubali kuvivua. Usiku ule tulilala juu ya turubai, na ugali tuliupikia kwenye kopo la mafuta ya msaada. Kopo lina bendera ya Marekani. Sikuweza kula.

Mama Naima:
Uwiii, hivyo viatu.

Binti Pangani:
Nimelia hapa kazini.

Mrundi wa Ngozi:
Sisi Warundi Trump ametuweka kundi la nchi zilizofungiwa nusu tangu 9 Juni 2025. Viza za kuhamia, za matembezi na za masomo zimesimama. Barua ya chuo ninayo, nimeitia kwenye plastiki isipate unyevu.

Ngosha Mkweli:
Ushauri wangu kwa vijana: usiuze hata kijiko mpaka viza iwe mkononi.

Kijana wa Chanika:
Kaka, bila kuuza bajaji ningelipia vipimo kwa hela ipi?

Fundi Aluminiamu:
Nendeni Kanada tu.

Mama Naima:
Kwa koti hili hili? Si angecheza tena bahati nasibu, hadi 2024 walikuwa wanafungua kila Oktoba.

Msomi wa Sinza:
Biden alilifuta lile tangazo la 2020 tarehe 20 Januari 2021. Kijana, hukujaribu kufufua jina lako?

Kijana wa Chanika:
Viza ya bahati nasibu ina mwaka wake. Wangu uliisha 30 Septemba 2020. Wao ndio walifunga mlango, siku zikaendelea kuhesabiwa kwangu. Mlango ulipofunguliwa jina halikuwa na kazi tena. Hapo ndipo ninapoumia, si kwingine.

Mama Naima:
Mtoto wa Fizi, sufuria mlirudishiwa?

Mtoto wa Fizi:
Jirani alileta moja alfajiri, ndani ameweka ugali na dagaa. Nyingine hatukuulizia. Ndege haijatajwa tena. Viatu sasa anavaa mdogo wake, mkubwa havimtoshi.