Mjadala: Poka ya kwenye simu, anayeanza acheze ipi? Texas, Omaha au Stud?

Bugembe_77: Ndugu zangu, salaam. Miezi miwili nimecheza poka kwenye simu kwa chipsi za bure (za kuchezea, si za kula). Sasa nataka kuweka shilingi. Programu inanipa meza tatu: Texas Hold'em, Omaha na Stud ya karata saba. Kaka yangu anasema nianze na Texas kwa sababu ndiyo nyepesi. Rafiki yangu wa Mbale anasema hapo pepesi ndipo mamba walipolala. Nimsikilize nani? Umri wangu ni 31, msinianzie.

KarataArua: Texas. Karata mbili mkononi, tano mezani, unatoa tano bora kati ya hizo saba, darasa limekwisha. Kuna namna 1,326 za kugawiwa karata mbili. Za kugawiwa nne, kama Omaha, ni 270,725. Angalia mwenyewe ipi itakaa kichwani kwako.

MamaShamim_Kibuli: "Itakaa kichwani kwako" ni adabu ya wapi? Kijana kauliza kistaarabu.

KarataArua: Mama, sikumtukana. Hata kichwani kwangu hazikai.

Pembeni_Tu: 31 anaruhusiwa. Sheria ya Uganda ya michezo ya kubahatisha ya 2016 inataka miaka 25.

DerevaMalaba: 25! Yaani ukiwa na 18 unamchagua rais, lakini karata bado u mtoto?

Pembeni_Tu: Rais huwezi kumrudisha chini ya furushi uchanganye tena.

DerevaMalaba: Hahaha. Kaka Bugembe, Omaha usiiguse. Mimi nilikuwa na ree ya kopa mkononi, kopa nyingine nne ziko mezani: jumla tano za aina moja, mkono mkubwa. Nikamwaga 60,000 zote, hata chai nikaagiza. Pesa zikaenda kwa jamaa mwenye tisa tatu! Nikaapa kwamba nimeibiwa. Baadaye mdogo wangu ndiye akanieleza: kwenye Omaha ni lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, isizidi wala isipungue. Ree yangu ilikuwa pweke, ilikuwa pambo tu.

MzeeWaJinja: Yote hayo ni matatu ya wazungu. Sisi tulicheza matatu, mchezo wetu wa karata, chini ya mwembe, bila data, na ilitaka akili kuliko hiyo poka yenu.

DerevaMalaba: Mzee wangu, matatu ndiyo ninayoendesha. Akili inatakiwa kweli, hasa kwenye kona.

KarataArua: Matatu ina akili gani, mzee, kwa heshima zote? Unaangusha mbili, mwenzako anaokota mbili. Unaangusha ree, unaomba aina unayotaka. Mtoto wa darasa la tatu anacheza.

MzeeWaJinja: Anacheza, ndiyo. Anashinda? Wewe unayehesabu 270,000 hujui hata lini ukate, yaani ufunge mchezo karata zilizobaki mkononi zihesabiwe. Ukikata na saba una karata nne nzito, mwenzako ana moja ndogo, umejichinja. Hapo kuna kumbukumbu, kuna kusoma uso wa mtu. Kwenye simu unasoma uso wa nani? Wa betri?

KarataArua: Hamwoni uso, lakini mnaona muda anaochukua na dau analoweka. Huo ni uso pia.

Nakato_H: Mzee anasema kweli kuhusu saba, ila isiwe saba yoyote. Ni ya aina ile ya karata iliyofunuliwa mwanzo.

Pembeni_Tu: Kwetu saba yoyote inakata.

Nakato_H: Kwenu wapi huko?

Pembeni_Tu: Hosteli.

Nakato_H: Basi. Hosteli hata mandazi hukatwa kwa rula.

KijanaWaNtinda: Samahani, ree ndiyo nini? Semeni tu "Ace". Kiswahili cha vitabuni kinatuchosha.

MamaShamim_Kibuli: Cha vitabuni? Ree, kopa, shupaza, uru, pau. Pwani wanazitaja hivyo kila jioni barazani, na majina ya aina hizo nne yametoka kwa Wareno waliokuja na meli zao. Wewe ulitaka tukuitie nani, mwalimu wa kuja na ndege?

KijanaWaNtinda: Mimi Kiswahili nakijua kile cha askari kizuizini, barabarani: "Toka nje! Kitambulisho!" Hicho kinatosha.

MamaShamim_Kibuli: Hapo umenigusa pabaya, mwanangu. Kila nikifungua kinywa mtu ananikumbusha bunduki. Babu yangu aliuza nguo kwa Kiswahili, alioa kwa Kiswahili, na hakushika hata rungu. Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri mwaka 2022 likasema kifundishwe shuleni. Wewe umebaki kizuizini.

KijanaWaNtinda: Nisamehe mama. Nilitania.

MamaShamim_Kibuli: Nimekusamehe. Ree. Sema.

KijanaWaNtinda: Ree.

DerevaMalaba: Hahaha! Amefaulu mtihani.

Pembeni_Tu: Turudi kwa Bugembe. Nilisikia kompyuta ya Kanada ilishaimaliza Texas, haishindwi tena. Sasa unaweka pesa za nini?

KarataArua: Umesikia nusu. Ni Chuo Kikuu cha Alberta, 2015, na ilikuwa Texas ya watu wawili tu, ile ambayo dau lina kiwango maalumu. Meza ya watu sita ambapo mtu anaweza kusukuma fedha zote si hiyo.

Pembeni_Tu: Lakini 2019 ikaja nyingine ya watu sita.

KarataArua: Ilikuja, ikawashinda mabingwa. Kuwashinda si kuumaliza mchezo.

DerevaMalaba: Na yule mhasibu wa Marekani aliyeanzia kwenye intaneti akawa milionea? 2005, sijui 2006.

KarataArua: Moneymaker. 2003, mashindano ya dunia ya poka, Las Vegas, dola milioni 2.5. Watu 839 waliingia. Wewe unamtaja mmoja, 838 huwataji.

MzeeWaJinja: Omweso, bao letu, una mashimo 32 na kete 64, zote ziko wazi mchana kweupe. Ukishindwa ni wewe, si bahati wala Kanada.

Bugembe_77: Jamani. Nimelala, nimeamka, nakuta ukurasa mzima wa saba. Stud hakuna aliyeigusa!

KarataArua: Samahani ndugu. Stud haina karata za pamoja. Ukifika mwisho una saba zako, nne zimefunuliwa na tatu umezificha. Sheria zake ni nyepesi. Shida ni kumbukumbu: karata ya wazi ya mtu aliyejitoa inaondolewa, na wewe unatakiwa ukumbuke kwamba iliondoka. Ukingoja kopa ya tano huku nne zimeshapita mbele yako, unangoja basi lililokwisha ondoka. Na wachezaji wake ni wachache, utakaa mezani ukiwasubiri. Anza Texas, dau dogo kabisa, karata nyingi zitupe kabla hujaweka hata shilingi.

Bugembe_77: Hapo sawa. Na mamba wa Mbale?

KarataArua: Wapo. Ndiyo maana nimesema dau dogo.

MzeeWaJinja: Na saba ya kukatia ni ya aina ya ile karata ya mwanzo. Nimemaliza.

Pembeni_Tu: Hosteli tulikuwa watu mia mbili, mzee. Wote tulikosea?

Nakato_H: Wote.