Nataka kwenda kutoa maoni ya Mswada wa Fedha, ami anasema napoteza nauli. Nishaurini

Boti_ya_Mokowe:
Assalaam alaykum wadau. Niko Amu (Lamu, Kenya), nabeba abiria wa Mokowe, ng'ambo bara. Wenzangu wa maboti wamenichagua nikatusemee kwenye kikao cha maoni ya umma. Jana baada ya isha, barazani, ami yangu kanikata maneno: "Wagombana na mpakuaji, na mpishi yuko Washington." Ushahidi wake ni kodi ya VAT ya mafuta iliyopanda kutoka 8% hadi 16% mwaka 2023, na wakati huo tulikuwa ndani ya mkataba wa mkopo tulioingia 2021 na IMF, shirika la fedha la kimataifa lenye makao Washington. Eti Bunge kazi yake ni muhuri.

Sikuwa na jibu. Siku tulipopandisha nauli, mama mmoja muuza mboga alishuka na kikapu chake, akaketi gatini kusubiri boti ijae ndipo bei ishuke. Aliketi mpaka mchicha ukalala.

Niende, au nikae nipake boti rangi?

Mwalimu_Mstaafu:
Ami yako kasema kweli, ila nusu. Kuchangia gharama hospitalini na vyuoni kulikuja na masharti ya wakopeshaji, na hakuna aliyetuuliza. Lakini Novemba 1991 wafadhili hao hao walikutana Paris wakazuia misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa, vyama vingi vikarudi. (Waliopigwa virungu Saba Saba 1990 wakidai vyama vingi hawakuwa Paris, hilo nalo lisemwe.) Muulize kama siku ile alinuna. Mimi nilishangilia.

Binti_Langoni:
Nenda! Mmesahau mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapa hapa Lamu? Megawati 1,050, na benki kubwa ya China, ICBC, nyuma yake. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata ICBC ikajitoa. Kwa hiyo kukosekana kwa kikao cha maana, kama hicho anachokidharau ami, kulichangia kuuangusha mradi. Peleka maoni kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri. Maneno ya mdomo hupeperuka.

Nahodha_Kimya:
Haya. Wavuvi nao walishinda kesi ya bandari mpya ya Lamu 2018, fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kushinda na kushika pesa ni safari mbili.

Mtu_wa_Malindi:
Juni 2024 mswada uliondolewa baada ya vijana kuingia barabarani, na watu walikufa. Deni lilibaki pale pale. Ndiyo maana usiende kusema "mafuta yashuke", watakuitikia kwa kichwa tu. Andika lita unazochoma kwa safari moja, nauli ya kabla na ya sasa, na mama wa mchicha umtie humo humo.

Boti_ya_Mokowe:
Shukran. Nimemsomea ami. Ya 1991 kacheka, anasema alikuwa Muscat, hakusikia kitu. Naandika usiku huu. Mwenye mfano wa barua kama hii anitumie, sijui hata naanza na "Mheshimiwa" yupi.