Honda iliwashindaje Wachina kule Vietnam?

Boxer_Kayole: Wadau, niko steji mwaka wa nne na pikipiki yangu ya Boxer. Mkopo nimemaliza, sasa nataka pikipiki ya pili nimpe kijana aniletee hesabu jioni. Ya Kichina inanivutia kwa bei. Lakini abiria mmoja kaniambia Honda iliwahi kuzibwaga hizo za Kichina kule Vietnam. Ni kweli?

Fundi wa Grogan: Kweli kabisa. Kama mwaka 2000 hivi ziliingia nyingi mno, zimeiga Honda Dream hadi taa, bei ya kutupa. Honda ikatoa Wave Alpha mwaka 2002, karibu nusu ya bei waliyozoea kuuza. Walipunguza gharama kwa kununua vipuri palepale na hata China kwenyewe. Mteja akajiuliza: nikiongeza kidogo napata yenyewe, nakala ya nini?

Boxer_Kayole: Sawa, mbona hapa hawashushi hivyo?

Mama Spea: Mwanangu, kule mtu ananunua ya kwenda kazini. Wewe unabeba watu wawili, gunia la viazi na mtungi wa gesi, kutwa nzima! Boxer inapendwa kwa sababu ya kiti kirefu, na kebo yake naiuza mimi, jirani yangu, hata kinyozi. Kabla ya bei, uliza kabureta ya hiyo ya Kichina inapatikana Kayole Jumapili usiku?

Boxer_Kayole: Hapo kwa kinyozi umenimaliza. Kesho naenda kuuliza kabureta kwanza.